Siku Niliposema "Turudie Hapo"

Wenzangu, chai isije ikapoa mkinisubiri niseme jambo la maana, kwa hiyo naanza na la kijinga. Mimi, mtu mzima mwenye kitambulisho, nilisimama jukwaani hapa hapa mjini Isiolo, ukumbi umejaa, mchezo umefika katikati, nikasahau maneno yangu. Kusahau si dhambi. Kosa langu ni lile lililofuata. Niliinua mkono, nikawageukia watu waliokuja kutazama, nikasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chapati, "Kata. Turudie hapo."

Nyinyi mlio huko nyuma mnaocheka, mlikuwepo. Nawaona.

Salaam aleikum kwa wenzetu wa salaam, na nyinyi wengine habari za kwenu. Mwenyekiti wetu, aliyetukaribisha kwake leo, ameniambia nitoe ushuhuda wa nilivyoanguka na nilivyoinuka, na nisitaje jina la mtu. Sitataja. Lakini wengine wenu mtajijua, na mtu akijijua asinikazie macho hivyo, atanichanganya. Na asante kwa kiti, mama, ila sitakaa. Mtaniona nikienda nikirudi hapa mbele kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nivumilieni. Mbele huko mtaelewa.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Napenda kikombe changu chenye ufa. Napenda mlango wangu ule ambao lazima uuinue kidogo ndipo ufunge. Nikilala kwa watu hata siku mbili, naanza kujiuliza pazia langu linaendeleaje. Sasa mtu wa namna hiyo alienda kutafuta nini kwenye televisheni? Marehemu mama yangu aliniuliza swali hilo hilo.

Nilianza shule ya upili. Mwaka wa kwanza walimu walinipa nafasi ya mti. Nilisimama vizuri sana. Mwaka wa pili nikapewa mama mkwe, nikamfokea mkwe wangu mpaka naibu wa mwalimu mkuu akaja mbio kuona nani anapigana. Hapo nikajua nina kipaji, au nina mdomo, na mpaka leo sijui tofauti. Nilipomaliza kidato cha nne nikajiunga na kikundi cha maigizo cha hapa kwetu. Tulicheza popote penye uwanja. Tuliwahi kucheza kule Kipsing wakati watu wamenuniana juu ya malisho, upande huu umekaa huku na upande ule kule, sisi katikati tukiwachekesha wote na vumbi letu. Hakukuwa na kipaza sauti wala pazia. Ukikosea, ulikuwa unakosea mbele ya mtu ambaye kesho utamkuta sokoni.

Kisha wakaja watu wa Nairobi kutafuta sura. Wakaichukua yangu, na mimi nikaifuata.

Mliniona, msijifanye hamkuniona. Miaka sita nilikuwa yule shangazi wa kwenye tamthilia, yule anayevunja ndoa za watu huku akiwakaribisha uji. Nikirudi nyumbani mwisho wa wiki, mama mmoja sokoni alikuwa ananiwekea nyanya mbovu makusudi. Nikimuuliza, ananiambia hizo ni kwa sababu ya mtoto niliyemfukuza Jumanne.

Sasa nawaambia siri ya kazi ile, maana kuanguka kwangu kulianzia hapo. Maandishi ya siku yalikuwa yanaletwa asubuhi, karatasi bado zina joto la mashine, na kabla ya jioni lazima vipande kumi na vinne viwe vimepigwa. Nani atakariri? Basi ukawekewa kidude kidogo sikioni, na nyuma ya pazia akaketi dada mmoja mwenye sauti ya upole. Anasoma, unasema. Anasoma, unalia. Maneno yaliingia sikioni yakatokea mdomoni bila kupita popote. Mimi nilikuwa bomba. Na mambo yakiharibika, mwongozaji anasema kata, turudie hapo, na lile kosa linafutwa kama halikuzaliwa. Ndugu zangu, miaka sita sikufanya kosa ambalo halikufutwa. Ifikirieni raha hiyo. Ni raha mbaya sana.

Na bado sikutulia. Nikiwa kule nataka huku. Nikiwa huku naishika simu nisikie kama wananitaka kule. Nilikuwa na begi ambalo sikuwahi kulimaliza kulifungua.

Ikafika siku waandishi wakamchoka shangazi. Hawakumuua, afadhali wangemuua, ningepata kilio kizuri. Walimpandisha basi aende Mombasa kumwona kaka yake mgonjwa. Nilipunga mkono dirishani, basi likaondoka, na mpaka msimu ule unaisha hakuna mtu kwenye familia ile aliyepiga simu kuuliza kama shangazi alifika.

Mimi nilifika. Nilifika Isiolo na begi langu.

Kiongozi wa kikundi chetu ni kinyozi, mnamjua, simtaji. Alinipokea vizuri, akanipa nafasi kubwa. Mchezo ulikuwa wa pande mbili zinazogombania kisima, na mimi ni mjane mwenye kamba ya kuteka maji. Vijana wawili wananyanyua fimbo wapigane, mjane anaingia na kamba yake begani, anasema maneno marefu, fimbo zinashuka. Mchezo wote unakaa kwenye maneno hayo.

Mazoezi yalikuwa saa kumi jioni, uani nyuma ya duka lake la kunyolea. Nilienda mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia kiongozi kwamba mtu aliyezoea vipande kumi na vinne kwa siku hahitaji kurudiarudia kama mtoto wa darasa la kwanza, nitasoma asubuhi ya siku yenyewe. Alikuwa anamnyoa mzee mmoja ndevu. Akasema tu, "Sawa, dada." Wenzangu, kinyozi akinyamaza huku ameshika wembe, jiulizeni.

Basi siku ikafika. Niliingia na kamba yangu, watu wakapiga makofi kabla sijasema neno, na mimi nikayapokea, nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Vijana wakanyanyua fimbo. Nikafungua mdomo.

Nikasubiri sikio.

Sikioni hamkuwa na kitu. Dada wa pazia alikuwa Nairobi. Nilisikia moyo wangu tu, na mtu anakohoa. Fimbo ziko juu. Kijana mmoja mkono ukaanza kutetemeka, maana fimbo ilikuwa ya mti wa kweli na mimi ndiye niliyekuwa na maneno ya kumruhusu aishushe. Ndipo nikasema lile neno la kijinga, na nikalisema kwa moyo safi, nikiamini kabisa kwamba dunia itarudi nyuma hatua tatu nianze upya.

Kicheko nakijua. Nimekula chakula kwa sababu ya kicheko. Lakini kile sikukiagiza.

Ningebaki pale, kosa lingekuwa moja. Sikubaki. Nililaza kamba chini nikaondoka, na kwa kuwa mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, nilipita katikati ya watu, na kwa sababu nililelewa vizuri nikawa nawasalimia nikipita. Habari, habari, salaam aleikum, habari. Nyuma yangu vijana bado wameshika fimbo juu. Niliambiwa baadaye kwamba kinyozi alijitupia leso kichwani, akaokota kamba, akamaliza sehemu ya mjane na ndevu zake zote. Wanasema alinishinda.

Baada ya hapo nilijifungia nyumbani, na hapa ndipo nilipopata adhabu yangu. Mimi mpenda nyumba, nyumba ilinikataa. Nilikuwa naketi, nasimama. Naenda kuangalia birika kama limechemka na sikuwa nimewasha moto. Nahamisha kabati, kisha nalirudisha. Naosha sahani safi. Nikisikia watu wanacheka barabarani, hata kama wanacheka mambo yao, nazima redio nisikilize kama ni mimi. Uwanja wangu niliufagia mara tatu kwa siku mpaka ukawa na shimo.

Kiongozi wetu alikuja, akasimama mlangoni, akakataa chai. Hakunigombeza. Alisema mwezi unaokuja kikundi kinaenda Gotu na mchezo ule ule. Nafasi ya mjane ni yangu, au ni ya msichana mmoja aliyemaliza shule juzi, ambaye alikuwa ameshakariri maneno yangu na ya wengine wote. Akaongeza, "Ukisema hapana leo, dada, mimi sitakuuliza tena."

Nilijua uzito wa neno hilo. Televisheni haikuwa inapiga simu. Nikikataa Gotu, nimekwisha kuwa yule mama aliyekuwa zamani akionekana kwa TV. Sitasimama tena mbele ya watu walio hai. Nikasema nitakuja. Alipoondoka nikachukua karatasi, nikaketi kukariri, na maneno hayakukaa. Ukurasa wa pili ulikuwa unaosha ukurasa wa kwanza. Siku nne, tano, nikawa najua mistari minne tu, na huo wa nne kwa kubahatisha.

Sasa nafika kwa jirani yangu. Msigeuze shingo zote kwa pamoja, nimesema sitaji. Ni mama wa maziwa ya ngamia, uzio wangu na wake ni mmoja. Kila alfajiri analetewa mitungi kutoka kwa wachungaji, anapima kwenye chupa, anapeleka nyumba kwa nyumba kabla jua halijakasirika. Alikuwa akisaidiwa na bintiye, na bintiye ameolewa huko Gotu. Asubuhi moja alisimama pale uzioni akinitazama nikifagia.

"Abaayo," akasema, ananiita dada kwa Kisomali chao ingawa ni mkubwa wangu, "hiyo uwanja imekukosea nini? Weka fagio, kuja unishikie kikapu ya chupa."

Nikamwambia siwezi kutoka, watu watanicheka, maana mimi ni mtu wa televisheni. Akaniambia yeye hajawahi kuniona kwa televisheni hata siku moja, ananiona nikianika nguo, na naanika vibaya.

Nikaenda. Wallahi sijui kwa nini, nafikiri miguu ilitangulia. Milango ishirini na miwili, kutoka kwetu Burat mpaka karibu na nyumba za upande wa kambi ya jeshi, kisha kurudi. Yeye hana kitabu. Hapa chupa moja. Hapa mbili, wana mtoto. Hapa nusu, mzee peke yake, na anataka yale ya mtungi uliofukizwa, yenye harufu ya moshi mwingi. Mlango wa bati lililopinda, wanachukua chupa tatu na wanataka uwasalimie mpaka nyanya yao aliye ndani asikie. Siku ya kwanza nilitembea nikiona haya. Siku ya tatu nikawa namung'unya maneno ya mjane njiani, nikiyapoteza na kuyaokota.

Akaniuliza naongea na nani. Nikamweleza shida yangu yote, na ukumbi, na fimbo, na kuwasalimia watu nikitoroka. Hakucheka. Alisikitika kidogo juu ya yule kijana wa mkono. Nikamuuliza, wewe hujaandika popote, unawakumbukaje hawa wote?

"Siwakumbuki," akasema. "Naenda kwao."

Wenzangu, nilisimama na kikapu changu pale barabarani mpaka mbwa akaja kuninusa. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti nikingoja maneno yanijie, kama nilivyozoea yaje sikioni. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuyafuata yaliko.

Tangu kesho yake nikaanza kuyaacha milangoni. Sentensi moja, mlango mmoja. Kwa bati lililopinda nikaacha "Nimesikia kelele zenu tangu kwa watoto wangu." Kwa mzee wa moshi nikaacha "Kamba hii aliisuka aliyezikwa." Kwa mama mwenye mbuzi mweusi, yule mbuzi anayekula nguo za watu, nikaacha "Na mimi pia nina kiu." Huo ulikuwa mstari mfupi, na ndio ulionisumbua, sijui kwa nini, kila tukifika pale nilikuwa nakimbilia mlango unaofuata. Jirani yangu ananirudisha. Hajui kusoma, lakini baada ya wiki mbili alikuwa na maneno yote ya mjane kichwani, na nikikosea ananigonga na kifuniko cha chupa.

Na mazoezi nilienda, kila saa kumi, uani kwa kinyozi. Nilikwenda na mandazi ya kuomba msamaha. Kijana wa mkono aliyala, akaniuliza kama safari hii ajipatie fimbo nyepesi.

Asubuhi ya Gotu nilitaka kukimbia. Sitawadanganya hapo. Pikapu ilikuja, ile inayobeba mbuzi siku ya soko, wenzangu wakapanda, na mimi nikarudi ndani mara tatu, mara leso, mara maji, mara niangalie kama mlango umefungwa, na mlango nilikuwa nimeushika mkononi. Jirani yangu alikuwa ameshapanda mbele na mtungi wa kumpelekea bintiye. Hakunibembeleza. Alimwambia dereva awashe gari. Nikakimbia nikarukia nyuma.

Tulicheza kando ya shule, jua liko wima. Watu wengi, wengine na mifugo yao, na nilipoingia na kamba begani nikajua habari zangu zimenitangulia, maana wanawake walikuwa wanaumana sikio. Fimbo zikapanda. Nikaanza. Bati lililopinda, nikapita. Mzee wa moshi, nikapita. Nikaenda vizuri mlango baada ya mlango, nikafika karibu na wa kumi, na hapo mzee mmoja mchunga ngamia, redio inaning'inia shingoni, akasema kwa sauti ya kusikika Kipsing, "Kata! Turudie!"

Gotu nzima ikacheka.

Na maneno yakaondoka. Yote. Sikioni moyo tu, kama kule ukumbini. Nilitazama mlango wa nyuma na hapakuwa na mlango, palikuwa na nchi tu mpaka milimani. Ndugu zangu, nawaambia, mkono wangu ulianza kupanda wenyewe. Nilikuwa karibu kuomba turudie mara ya pili katika maisha.

Lakini miguu haikujua kwamba nimesahau. Miguu ilizoea kwenda. Ikanipeleka mbele, hatua moja, nyingine, mpaka kwa yule mzee wa redio, na nilipofika nikafanya kama nilivyozoea kufanya nikifika kwa mtu: nikampa nilichobeba. Nikamwekea mwisho wa kamba mkononi. Nikamwambia, "Shika, mzee wangu. Usiachie mpaka niseme."

Akashika. Afanyeje? Watu wote wanamtazama. Nikageuka, kamba imekazika kati yangu na yeye, na nilipogeuka niliuona mlango uliofuata kama ninavyouona huu wa mwenyekiti, na sentensi imeketi pale kizingitini inaningoja. Nikaenda kwayo. Kisha iliyofuata. Nilizunguka uwanja ule wote nikivuta kamba, hakuna aliyecheka, na nilipomaliza maneno ya mjane fimbo zilishuka, zile nzito, pole pole, na kijana wangu akanitazama kwa shukrani kubwa.

Mchezo uliisha, watu wakaanza kutawanyika, na yule mzee bado amekaa pale pale. Akaniita kwa adabu. "Mama, sasa niachie?"

Basi, huko ndiko kuinuka kwangu. Si kukubwa. Waandishi wa tamthilia walinikumbuka baadaye, basi la shangazi limegeuza njiani, na sasa nakwenda Nairobi siku chache kila mwezi na kurudi. Waliponiletea kidude cha sikioni niliwaomba badala yake wanipe nafasi ya kutembea kando ya ukuta kwa dakika kumi. Wananiona nimepata wazimu kidogo. Waacheni.

Nashukuru kinyozi aliyenyamaza wakati wa kunyamaza na kuniuliza wakati wa kuniuliza. Nashukuru kijana na mkono wake. Nashukuru nyinyi mlionicheka, kwa kuwa mngenihurumia ningebaki ndani mpaka leo nikichimba uwanja kwa fagio. Na kama kuna mtu hapa amejifungia akisubiri siku zake zirudishwe nyuma azianze upya, namwambia mimi niliyejaribu: hazirudi. Atoke, abebe kitu chepesi, ampelekee mtu. Asipojua pa kuanzia, alfajiri aje uzioni kwetu, chupa ni nyingi.

Na jirani yangu simshukuru, kwa sababu amenikataza. Siku ile ya Gotu, watu wamenipongeza, bintiye amenikumbatia, na mimi nimevimba kama andazi lililokosewa, nilimfuata kwenye pikapu nikamuuliza yeye amenionaje. Alikuwa anafunga kifuniko cha mtungi. Hakuinua kichwa.

"Abaayo, umeruka mlango ya mbuzi nyeusi, pale unasema hata wewe uko na kiu. Kesho tunaanzia hapo."